Cherehani ya kuanzia: Butterfly ya mguu, ndogo ya umeme au Juki mtumba? Nataka kushona magauni ya filamu za zamani

Nuru wa Tabata
Habari za jioni wakuu. Mwisho wa mwezi nanunua cherehani yangu ya kwanza na mpaka leo sijaelewa nichukue ipi. Nimezunguka Kariakoo, kila muuzaji anasifia iliyopo mbele yake. Nimebaki na tatu:

1. Butterfly nyeusi ya mguu, mpya, na meza yake
2. Ndogo ya umeme ya nyumbani, yenye mishono mingi (nimeoneshwa Singer na Brother)
3. Juki ya kiwandani, mtumba, mota imefungwa chini ya meza

Lengo ni magauni ya mtindo wa kwenye filamu za zamani, kiuno kimebana halafu sketi imemwagika. Yale ya Audrey Hepburn, Grace Kelly na wale akina dada wa filamu za Kihindi za miaka ya 60. Ipi inafaa?

FundiMkongwe
Dada, umeuliza nauli bila kutaja unakokwenda. Bajeti yako kiasi gani? Nyumbani umeme ni wa uhakika au wa kubahatisha? Una nafasi ya meza kubwa? Umeshawahi kukalia cherehani au unaanza na sindano ya mkono? Na hayo magauni ni ya kuvaa wewe au unataka kupokea kazi za watu? Jibu hayo kwanza.

Kidoti
Butterfly. Uzi ufungwe.

Mzee wa Ampea
Usifungwe kabisa. Butterfly nyeusi ina mshono mmoja tu, ulionyooka. Kitambaa kinachochuruzika kama satini utazuia vipi kingo zisifumuke? Kila gauni utabeba uende kwa jirani kupiga ovaloki? Chukua ndogo ya umeme yenye zigzagi. Singer Heavy Duty 4423 ina aina 23 za mishono, inapiga hadi mishono 1,100 kwa dakika, na ukiacha mguu kwenye pedali inasimama. Hiyo namba 3 sahau. Juki za kundi la DDL-8700 zimetengenezwa kufika mishono 5,500 kwa dakika. Mwanafunzi akigusa pedali, kitambaa kishafika ukutani.

FundiMkongwe
Mzee, hapo kwenye Juki umezidisha. Mwendo unapunguzwa. Ukiweka mota ya servo inakwenda pole pole kama unavyotaka. Tatizo la mtumba wengi ni ile mota ya zamani ya klachi, inanguruma na kula Luku hata ukiwa umekaa unachomeka pini. Halafu Juki nayo ni mshono ulionyooka tu, zigzagi haina. Kwa hiyo kama hoja yako ni kingo, namba 1 na namba 3 ziko sawa.

BiPili wa Ng'ambo
Mwanangu Nuru, mtumba si mbaya, lakini hebu nisikilize yaliyonikuta mimi.

Palikuwa na duka linapokea makontena ya Japani. Nikaiona cherehani ya umeme, rangi ya maziwa, ndani chuma kitupu, nzito hata kijana aliyeibeba alihema. Muuzaji akaijaribu pale pale mbele yangu, ikashona kitambaa mara nne, haikuruka hata mshono. Nikalipa. Asichoniambia ni kwamba chini ya meza, nyuma ya pazia, ile waya ilikuwa inapita kwenye transfoma.

Ilikuwa inakaribia Idi. Nguo za watoto wa dada yangu nimeshazikata, zimelala kitandani, mikono huku, migongo kule. Nikachomeka ukutani. Weee! Ile kitu ilikimbia utadhani imeona jini. Taa yake ikawa nyeupe mno, ikapasuka. Nikaondoa mguu, lakini harufu ya waya ishajaa chumba kizima na moshi unatokea ubavuni. Fundi alipoifungua akanionesha kibati kidogo karibu na tundu la waya, kimeandikwa wazi: 100V. Ndio umeme wa Japani huo. Wetu wa ukutani ni 230.

Nikarudi dukani. Yule bwana, bila haya, "Mama, mali ikishatoka hairudi, na wewe uliiona inafanya kazi." Kweli niliiona, na transfoma yake ya mafichoni! Nguo za Idi nilizimalizia kwa jirani, kwenye cherehani ya mguu ya mama yake, usiku wa mwezi kuandama, mlango uko wazi watu wanapita wanatucheka.

Basi ukienda, geuza cherehani, soma kibati. Kama hakuna kibati, ondoka.

Mzee wa Ampea
Pole sana Bi mkubwa. Na zile za Marekani ni vivyo hivyo, 120V. Watu wanatumiwa na ndugu zao kama zawadi, zinaungua siku ya kwanza. Ukiipenda sana nunua transfoma ya kushusha, cherehani ya nyumbani haili umeme mwingi, transfoma ya wati 300 inatosha. Ila isichanganywe na stabilaiza, hicho ni kitu kingine kabisa.

Kidoti
Butterfly haina voti.

Nuru wa Tabata
Asanteni, na pole Bi Pili. Majibu: bajeti ni laki tano, nikijikaza sana sita, na humo humo nataka mkasi na pasi. Naishi chumba na sebule, umeme upo ila ukikatika unakatika. Shuleni tulishona aproni kwenye sayansi kimu, basi. Ni nguo zangu na za mdogo wangu tu. Gauni la kwanza nataka lile jeusi la Audrey Hepburn kwenye Breakfast at Tiffany's ya 1961, la pili la kitenge sketi ya duara kamili. Nina pia doti ya khanga nzuri sana, nimefikiria nayo iwe ya duara.

MpendaSinema
Samahani naingilia. Lile jeusi la 1961, la mbunifu Givenchy, halijamwagika popote! Ni satini nyeusi, limenyooka mpaka chini. Mwaka 2006 liliuzwa mnadani Christie's, London, kwa pauni 467,200. Unayoisema wewe, kiuno kibane na sketi ijae, ni mtindo aliouanzisha mbunifu Dior mwaka 1947, vita vimeisha na watu wamechoka kubaniwa vitambaa. Uingereza nguo zilikuwa bado za mgawo mpaka 1949, ndiyo maana sketi ya wari nyingi ilionekana kufuru. Ukitaka mfano halisi mtazame Grace Kelly katika Rear Window, 1954: juu jeusi limebana, chini jeupe limejaa. Mbunifu ni Edith Head.

Asha_K
Edith Head huyo huyo aliyechukua Oscar ya filamu ya Sabrina wakati magauni yanayokumbukwa ni ya Givenchy, na jina la Givenchy hata kwenye filamu halikuandikwa?

MpendaSinema
Kuna mavazi mle ni ya Head kweli. Na Oscar nane si za bahati.

Asha_K
Sijasema bahati. Nimesema jina la mtu liliachwa.

FundiMkongwe
Jamani, tumrudie mwenye uzi. Nuru, umepanga kinyume. Gauni lililonyooka ndilo gumu, ingawa linaonekana jepesi. Halina pa kujificha: dati (yale mapindo ya kubana umbo) za kifua na za kiuno zikikosea nusu inchi, satini inakunja na kila mtu anaona. Na satini ukifumua mshono, matundu ya sindano yanabaki. La duara linasamehe, kazi yake kubwa ni kiuno na upindo. Anza na kitenge.

Hesabu yake hii hapa. Tuseme kiuno inchi 28. Gawa kwa 6.28, unapata kama 4 na nusu, hiyo ndiyo nusu kipenyo ya tundu la kiuno. Ongeza urefu wa sketi, tuseme 27, na nusu inchi ya kupinda, jumla 32. Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi, kwa hiyo duara zima halikai. Unakata nusu duara mbili, kila moja inakula inchi 64 za urefu. Zote mbili ni 128, yaani wari tatu na nusu na kidogo. Kitenge cha wari sita kinakuachia wari mbili na ushee za kifuani. Kama maua ya kitenge yana kichwa na miguu, ujue ubavuni yatalala kiubavu, hakuna ujanja. Chagua maua yasiyo na upande.

Ukishaunga, usipinde siku hiyo. Itundike mpaka kesho. Sehemu zilizokatwa mshazari zitashuka zenyewe, ndipo uweke sawa na kupinda. Anayepinda siku hiyo hiyo ndiye unayemuona na sketi ndefu pembeni fupi mbele.

Kijana wa Likoni
Mambo ya huku Mombasa kidogo. Hiyo khanga, huku twaiita leso, usiikate kabla hujaiwaza vizuri, dadangu. Leso ni kama mita moja kwa mita moja na nusu. Nusu duara inaingia moja kwa kila leso, lakini mwisho wako ni sentimita 75 kutoka katikati. Toa 11 za kiuno, toa upindo, itakufika magotini, haishuki. Na jina je? Ukiweka kiuno upande wa juu wa leso, jina linakatika, linabaki kwenye mabaki. Ukiweka kiuno upande wa jina, litakaa hapo hapo chini ya mshipi, tena kichwa chini. Atakayetaka kulisoma itabidi asimame juu ya mti.

BiPili wa Ng'ambo
Khanga haikatwi duara. Khanga ina mji, ina pindo, ina jina. Ukiikata duara umebakisha nini? Nunua poplini yenye rangi hiyo hiyo, hiyo doti jifunge.

Asha_K
Bi Pili, mbona watu wanashona mashati na mikoba ya khanga miaka yote hii?

BiPili wa Ng'ambo
Wanashona, sikatai. Na mimi sizipendi, sikatazwi.

Kijana wa Likoni
Nilikuwa nataka kusema la vifaa pia, mana wote mwaongea mashine tu. Laki sita ukiimaliza kwa cherehani utakata na mkasi wa jikoni. Mkasi mzuri wa kitambaa, na ole wake atakayeukatia karatasi. Sindano za kutosha, namba 14 kwa kitenge, namba 11 kwa satini. Watu wanashona satini na sindano butu ya namba 16 kisha wanalaumu mashine kwamba yavuta uzi. Na nunua marekani, ile nyeupe mbichi ya bei ya chini, ukate gauni la majaribio kwanza. Ukikosea umekosea kwa marekani.

FundiMkongwe
Hilo la marekani ndilo la maana kuliko yote yaliyoandikwa humu. Na kitenge ukifue kabla ya kukata, kitoke wanga na kama kinarudi kirudi mapema.

Mzee wa Ampea
Sawa, lakini jibu la cherehani? Kwa bajeti hiyo mimi bado ni namba 2. Kingo za satini zinataka zigzagi.

FundiMkongwe
Mama zetu walizizuia kingo kwa mshono wa kifaransa, Mzee. Unashona upande wa nje kwanza, unapunguza, unageuza, unashona tena ndani, kingo zimefungiwa. Mshono ulionyooka unatosha. Mimi kwa huyu dada naona Butterfly: umeme ukikatika anaendelea, kifaa kikiharibika kipo kila duka, na miguu ndiyo inayomfundisha kutawala mwendo.

Mzee wa Ampea
Mshono wa kifaransa kwenye tundu la mkono la gauni lililobana? Tuambie ukweli fundi, wewe mwenyewe dukani unao ovaloki au huna?

FundiMkongwe
Ninao. Napokea kazi za watu.

Kidoti
😂😂😂

MpendaSinema
Nuru, umetaja filamu za Kihindi halafu hakuna aliyekujibu. Kama unampenda mwigizaji Sadhana, yule nywele zake za mbele zilikatwa kwa kumwiga Audrey Hepburn, mpaka India nzima wakaziita kwa jina lake. Na zile nguo za kubana katika filamu ya Waqt ya 1965 ni kazi ya Bhanu Athaiya, aliyekuja kuwa Mhindi wa kwanza kupata Oscar, kwa filamu ya Gandhi. Kanzu fupi ya kubana na churidari (suruali ya kubana) haitaki sketi ya wari nne, na cherehani yoyote kati ya hizo tatu inaishona.

BiPili wa Ng'ambo
Umenikumbusha mbali. Mama alikuwa akienda Majestic Jumapili, onyesho la wanawake. Akiona nguo imempendeza, anamlipia fundi wake tiketi ya usiku akaitazame mwenyewe. Fundi anarudi anasema, "Bibi, mkono nimeuona, mgongo hakugeuka." Mgongo akauzua yeye.

Nuru wa Tabata
Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Jumamosi narudi Kariakoo na kalamu, nitasoma vibati vyote. Kati ya 1 na 2 bado moyo unayumba, yule wa Butterfly kasema meza inaletwa mpaka nyumbani. Swali jingine: ili sketi isimame kama kwenye filamu, ndani naweka gagulo la neti? Kwa joto hili la Dar nitapona?

Asha_K
Neti peke yake inachoma miguu. Shona gagulo la pamba, neti iungwe kuanzia magotini kwenda chini, tabaka mbili.

Kijana wa Likoni
Tabaka mbili hazisimamishi kitenge, kitenge kizito. Tatu.

Kidoti
Na kwenye daladala utakaa siti ngapi?