Rangi gani inaficha madoa ya unyevu sebuleni? Nina mpaka Jumamosi

Jirani Mwema:
Wakuu, habari za muda huu. Nina nyumba Kimara, ukuta mmoja wa sebule unaninyima usingizi. Rangi inavimba malengelenge, ukiigusa inabanduka kama ngozi ya karanga za kukaanga. Usawa wa soketi kuna unga mweupe unatoka. Kuta nyingine ziko safi. Iliskimiwa kwa jipsamu, yaani plasta ikalainishwa kwa tabaka jembamba, juu yake rangi ya maji. Fundi anasema tupige rangi ya mafuta, hiyo haipitishi kitu. Naombeni ushauri wa rangi, na namna ya kuitunza. Ni haraka, Jumamosi iwe tayari.

Kikombe cha Pili:
Paka krimu. Nyeupe kwenye nyumba ya watoto ni kujitafutia ugomvi.

Mama Wawili:
Paka silki, ile rangi ya maji yenye mng'ao kidogo. Mimi nilidanganyika na mati, ile isiyong'aa, eti inapendeza kwenye picha. Mdogo wangu wa mwisho akaichora korido nzima kwa kalamu za nta. Nikasugua kwa brashi, mchoro ukatoka, pakabaki bato linang'aa, baya kuliko mchoro wenyewe. Silki unafuta kwa sponji laini, maji na sabuni kidogo, basi. Na rangi ikibaki, ifunge vizuri uiweke, uandike na namba yake. Utakuja kuitafuta dukani usiipate.

Mzee wa Msasa:
Huo unga ni chumvi. Maji yanapita ndani ya ukuta, yakifika nje yanakauka, chumvi inabaki. Usiifute kwa kitambaa kibichi, itayeyuka irudi ndani. Ipanguse kwa brashi kavu. Nyuma ya ukuta huo kuna nini?

Jirani Mwema:
Kuna chumba. Mkuu, nimeuliza rangi.

Mzee wa Msasa:
Chumba gani?

Jirani Mwema:
Bafu la masta. Lakini lina vigae mpaka juu, maji hayawezi kupita.

Mzee wa Msasa:
Yanapita. Grauti kati ya vigae ikipasuka yanapita, na kiungo cha bomba kikilegea humo ndani vigae havitakusaidia lolote. Leo usiku funga koki zote, soma mita. Asubuhi, kabla mtu hajagusa maji, soma tena. Ikiwa imesogea, kuna bomba linavuja. Ikiwa imetulia, angalia grauti na njia ya maji machafu.

Kuhusu mafuta: ni kweli hayapitishi kitu, na ndiyo shida yenyewe. Maji yatakosa pa kutokea yatasukuma rangi, utarudi kwenye malengelenge. Ukibomoa ukapiga plasta mpya, usikimbilie mafuta pia: saruji mbichi ina alkali, inayageuza mafuta ya rangi kuwa sabuni. Plasta ya saruji ipe siku 28 hivi. Kabla ya kupaka, bandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote zizibwe kwa utepe wa gundi, kilale hapo. Ukikuta kimetoa jasho upande wa ukutani, bado. Na hiyo soketi izime sasa hivi.

Bi Kiza wa Unguja:
Nyie na saruji zenu. Nyumba ya bibi yangu Mji Mkongwe ni mawe na chokaa, kuta nene mtu unalala juu yake. Kila mwaka ikipigwa chokaa, ukuta unapumua, hatujui malengelenge. Akaja mjomba na pesa za Maskati, akaikandika saruji na rangi ya plastiki juu. Haikuchukua muda, vipande vinaanguka mezani watu wanakula. Mjomba hadi leo anasema ni hasadi.

Mama Wawili:
😂 Pole na mjomba. Mleta mada, Jumamosi kuna nini lakini?

Jirani Mwema:
Mpangaji anahamia. Kalipa kodi ya miezi sita. Nimeshanunua galoni mbili za mafuta na fundi nimempa kianzio, sasa siku 28 nitazitoa wapi? Halafu yeye mwenyewe alikuja kuiangalia nyumba akaridhika.

Mama Wawili:
Na huo ukuta aliuona?

Jirani Mwema:
Palikuwa na kabati.

Mtumishi:
Ndugu yangu, dhuluma haina baraka. Mimi niliwahi kupanga kwa mzee mmoja, akanificha kwamba choo kimejaa. Nilikaa nimeziba pua nikimwombea. Mpigie huyo mpangaji leo.

Kikombe cha Pili:
Kabati limenimaliza. Nakaa hapa sitoki.

Nipo Macho:
Wakuu, hii ni chai. Huyu huyu mwezi uliopita alifungua uzi analia mwenye nyumba wake kampandishia kodi. Leo ana nyumba Kimara na masta ndani? Weka picha, tusipotezeane muda.

Jirani Mwema:
Kupanga napanga, kwani ni kosa? Hii ni nyumba ya marehemu mzee. Picha siweki, kuna ndugu humu.

Nipo Macho:
Ndugu? Mko wangapi?

Jirani Mwema:
Wanne.

Mama Wawili:
Na hiyo kodi ya miezi sita wanaijua?

Jirani Mwema:
Nimeomba ushauri wa rangi.

Nipo Macho:
Basi si chai. Naomba radhi. Mtu akitunga huwa anajitungia vizuri.

Mzee wa Msasa:
Ya urithi mtaongea nyumbani kwenu. Mita umesoma?

Jirani Mwema:
Fundi alifika asubuhi kabla sijatoka. Ameshapiga koti la kwanza. Kwa sasa panang'aa vizuri tu.

Mzee wa Msasa:
Juu ya chumvi?

Jirani Mwema:
Alipiga msasa kidogo.

Kikombe cha Pili:
Hiyo galoni ya pili kama haijafunguliwa niuzie, nina geti.