Htop kutoka msimbo chanzo: git clone inakatika, toleo la zamani haliondoki

mdadisi_gulu
Salaam wandugu. Natumia Ubuntu 22.04, na htop (programu ya kuonyesha michakato inayoendelea kwenye kompyuta) ya apt, kisakinishi cha Ubuntu, ni 3.0.5. Nataka ya sasa. `git clone`, amri ya kunakili msimbo wote, inakatika mtandao ukiyumba, nikirudia inaanza mwanzo, bando linaisha. Nikachukua nakala ya flashi. `sudo make install` ikapita bila kosa, ila `htop --version` bado inasema 3.0.5! Pia kuna sentensi kwenye ukurasa wa mwongozo ningependa kuirekebisha na kuwatumia wenye mradi. Nianzie wapi?

fundi_jinja
Karibu. `git clone` haiwezi kuendelea ilipokatikia. Kwa kusakinisha tu, huna haja ya git: nenda ukurasa wa matoleo wa htop-dev, GitHub, uchukue faili ya `.tar.xz` kwa `wget -c`. Ikikatika, rudia amri ileile, itaendelea palepale. Achana na kile kifurushi GitHub inachokifunga yenyewe; hakina `configure`, itabidi uwe na autoconf na automake ili uendeshe `./autogen.sh` kwanza.

Halafu fungua kifurushi na uingie kwenye saraka yake: `sudo apt install build-essential libncurses-dev`, kisha `./configure`, `make`, `sudo make install`. Bila libncurses-dev, `configure` inagoma.

Toleo la zamani haliondoki kwa sababu bash (programu inayopokea amri zako) inakumbuka njia ya `/usr/bin/htop`, na yako imekaa `/usr/local/bin`. Andika `hash -r`, kisha `type -a htop`: ya `/usr/local/bin` iwe juu. Usifute ya zamani kwa `rm`, tumia `sudo apt remove htop`. Na saraka uliyojengea itunze, maana `sudo make uninstall` inaendeshwa humo.

mbarara_linux
Naongezea, kwa wenye kompyuta kuukuu. Betri ndogo ya saa kwenye ubao mama ikifa, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka. Hapo `configure` inalalamika kwamba faili mpya ni ya zamani kuliko zilizokuja na kifurushi, apt nayo inakataa orodha ikisema bado haijaanza kuwa halali. Watu wanahangaika na maktaba bure. Andika `date` kwanza! Betri yenyewe kwa kawaida ni CR2032.

dada_kernel
Mdadisi, kuhusu mwongozo: hariri `htop.1.in`. Ukigusa `htop.1` kazi yako itapotea, kwa kuwa `configure` huizalisha upya kutoka hiyo ya `.in`.

Hapa sasa git ni lazima. Tengeneza nakala ya mradi (fork) kwenye akaunti yako ya GitHub, kisha `git clone --depth 1` ya nakala hiyo. Inaleta hali ya sasa bila historia, MB zinapungua sana. Fungua tawi lako, usifanyie kazi kwenye `main`. Badiliko moja, kamiti (rekodi ya badiliko) moja, ujumbe mfupi unaoeleza kilichorekebishwa. Wenzako wakisonga mbele, tumia `git rebase` kuiweka kazi yako juu ya yao, usiunganishe `main` ndani ya tawi lako. Siku utakapogusa msimbo wa lugha ya C, soma `docs/styleguide.md` kwanza: ujongezaji wao ni nafasi 3, na tabo haitumiki.

GitHub haipokei nywila kwenye `git push` tangu Agosti 2021. Tumia ufunguo wa SSH. Mtandao wa ofisi au chuo ukifunga mlango (port) 22 wa SSH, elekeza `ssh.github.com` mlango 443.

mdadisi_gulu
`hash -r` imemaliza, ahsanteni sana. Kabla ya kutuma, naonaje ukurasa ulivyokaa?

dada_kernel
Endesha `./autogen.sh && ./configure`, kisha `man ./htop.1`. Hizo amri mbili za mwanzo usizisahau, la sivyo unasoma ya zamani.