Alama ya kahawa: kuuza au kutoa leseni?

Mdau wa Moshi: Wakuu, alama ya biashara ya kahawa ya kusaga imesajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara Bara) kwa jina la mtu binafsi hapa Moshi. Kampuni ya Arusha inaitaka kwa pakiti za gramu 250. Mwenye alama auze au atoe leseni ya kuitumia?

Jibu 1: Kwanza fungua cheti. Cha jina la biashara si cha alama. Watu wanauziana hicho kila siku! Kisha tazama daraja, yaani kundi la bidhaa au huduma alama iliposajiliwa: kahawa ni la 30, mgahawa ni la 43. Na tarehe: usajili wa kwanza ni miaka 7, baadaye unahuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Jibu 2: Akiuza, hati iwe ya maandishi, itaje namba ya usajili na bidhaa, ilipiwe ushuru wa stempu, kisha mnunuzi aombe BRELA wabadili mmiliki kwenye daftari. Hapa ndipo wengi hukwama: hati inalala kabatini, siku ya kumzuia mwigaji cheti bado kina jina la muuzaji.

Jibu 3: Mimi ningeanza na leseni ya miaka 2. Kiini chake ni ubora: sampuli ya kila mkaango, ruhusa ya kuingia kiwandani bila taarifa. Bila hivyo kahawa iliyoungua inauzwa kwa jina lako. Andika pia pakiti zilizobaki mkataba ukiisha zitauzwa kwa siku ngapi.

Mdau wa Moshi: Wanataka kuuza hadi Unguja.

Jibu 3: Huko ni BPRA (wakala wa usajili wa Zanzibar), usajili mwingine kabisa. Cheti cha BRELA kinaishia Bara.