Mjadala: Kondoo aliyekufa na deni la ahadi, azikwe na nani?

Mleta mada, Moshi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Na kwa ndugu zangu Wakatoliki, tumsifu Yesu Kristo.

Juzijuzi tulimzika jirani yetu huku Old Moshi. Mama wa kipaimara na kwaya, mtu wa ibada ya kwanza kila Jumapili mpaka figo zilipomlaza. Miaka mitatu hakutoka nyumbani, na kadi yake ya ahadi, ile ya mchango ambao kila msharika huahidi kulitolea kanisa, ikabaki tupu. Watoto walipokwenda kuomba ibada ya mazishi waliambiwa deni limalizwe kwanza. Usiku ule wakazunguka nyumba kwa nyumba, majirani tukachanga, asubuhi risiti ikaandikwa, ndipo kengele ikapigwa. Usharika siutaji, kwa sababu jambo hili nimelisikia kwingi.

Naomba tujadili bila kuoneana haya: ni halali kanisa kuzuia maziko kwa sababu ya ahadi? Mimi nasema si halali, na ushahidi wangu nautoa kwenye picha zilezile tunazohubiriwa.

Tunaambiwa sisi ni kondoo, na mahubiri mengi yanaishia kwenye utii: kondoo hana neno, kondoo hufuata. Sisi tuliokulia mlimani Kilimanjaro tunajua kondoo anavyotunzwa. Kihambani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, hakuna malisho. Mnyama yuko bandani, na majani yanatoka tambarare. Mama anashuka alfajiri, anakata, anafunga mzigo, anapanda nao kichwani kilomita kadhaa. Bibi yangu alifanya hivyo mpaka shingo ikapinda kidogo upande wa kushoto. Ninaposoma "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu," simwoni kijana mwenye fimbo. Namwona bibi akiingia uani na mzigo wa majani, jasho likimtiririka, na kondoo akilia kwa sababu amezitambua hatua zake. Kondoo akiumwa, ndiye aliyechaguliwa majani laini.

Someni Ezekieli 34. Mungu anawakemea wachungaji kwa mambo yanayohesabika: dhaifu hamkumtia nguvu, mgonjwa hamkumponya, aliyevunjika hamkumfunga, aliyepotea hamkumtafuta. Mama yetu alikuwa mgonjwa miaka mitatu. Ni nani aliyepanda kwake na hata fungu moja la majani?

Mhazini mstaafu, Machame

Pole kwa msiba, mwanangu. Ila nimeshika vitabu vya usharika muda mrefu, naomba na upande wetu usikike.

Mvua ikivuja juu ya madhabahu, anayepigiwa simu ni mhazini. Mshahara wa mwinjilisti ukichelewa, mke wake anakuja kwangu. Hela hizo hazishuki na mana. Tena umetaja mlima, basi tuongee mlima: mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, ulichimbwa na nani? Wazee walichimba kwa zamu, na mpaka leo ukitangazwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfongo, na wewe ukalala, unatozwa faini na zamu yako ya maji inasogezwa. Hakuna aliyesema wazee wale hawakuwa na upendo. Bila sheria ile, maji yangeishia kwa walio juu.

Hata Bruno Gutmann, mmisionari wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, aliyefika nchini 1902 na kutumika Old Moshi kwenu miaka mingi, alishikilia kwamba kanisa la hapa lisimame juu ya ukoo, ujirani na rika. Katika vitu hivyo vitatu hakuna mtu wa kupokea tu. Na kondoo wako wa bandani, mbona hukumalizia habari zake? Siku ya mzazi, mama aliyejifungua, kutoka ndani, mafuta ya supu yake mama yalitoka wapi kama si kwa kondoo huyo?

Mkatoliki, Kibosho

Kwetu swali linakuja kwa sura nyingine: "Alikuwa anasali jumuiya?" Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya ndogondogo, vikundi vya majirani wanaosali pamoja, kipaumbele kwenye mkutano wao wa 1976, na lengo lilikuwa kwamba Mkristo asiugue peke yake bila jirani kujua. Leo mahali pengine daftari la jumuiya limekuwa kama kitambulisho cha kuingilia kaburini. Linaniuma, maana mimi ni katibu wa jumuiya na daftari liko mkononi mwangu.

Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1181, inataka kwenye mazishi kusiwe na upendeleo wa watu, na maskini wasinyimwe maziko yanayostahili. Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa: walioasi imani waziwazi, na wengine wa namna hiyo. Aliyeshindwa mchango hayumo. Na kuzika wafu ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kimwili tuliyokaririshwa kwenye katekisimu.

Mleta mada

Shikamoo, mzee. Hoja ya kondoo nimeipokea, na ndiyo inayonipa jibu. Ni kweli, kondoo wetu mwisho wake ni kisu, mafuta yaende kwa mzazi. Yohana 10 imeigeuza picha hiyo: mchungaji mwema ndiye anayeutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo. Tukimdai marehemu tunarudi bandani kwetu na kuliacha zizi la mchungaji huyo.

Mfongo nao nauheshimu, faini yake naijua. Ila faini ilitozwa mtu mzima aliyelala. Mjane aliyeugua, wenye mpaka naye walimchimbia sehemu yake. Halafu Ezekieli hakuishia kwa wachungaji. Mstari wa 17 kuendelea, Mungu anahukumu kati ya kondoo na kondoo: walionona wanawasukuma dhaifu kwa mbavu na mabega, wanakunywa maji safi, yaliyobaki wanayavuruga kwa miguu. Hapo nikaogopa, mzee. Sheria ile ya ahadi mchungaji hakuitunga peke yake. Sisi washarika tulinyoosha mikono kwenye mkutano, mimi nikiwemo.

Na Gutmann? Ujirani alioutetea ndio uliochanga usiku ule.

Nyongeza kidogo, Mathayo 17. Walipokuja kudai kodi ya hekalu, Yesu alisema wana ni huru, hata hivyo akalipa asiwakwaze watu. Sarafu ya kinywani mwa samaki ilitosha kwa wawili: "kwa ajili yangu na kwa ajili yako," akamwambia Petro.

Binti wa Usa River

Samahanini, mnaongea habari za mgonjwa, huyo ni rahisi kumhurumia. Kaka yangu aliacha kanisa kwa hiari yake, akalisema vibaya, akafa kwa ajali ya bodaboda. Mama alitaka walau sala moja kaburini. Mwinjilisti alikuja jioni watu walipokwisha kuondoka, bila joho, akasoma Zaburi 121, "Nitayainua macho yangu niitazame milima," akaondoka bila hata kunywa chai. Sijui kama aliruhusiwa. Mama hulala kwa sababu ya zaburi ile. Huyo naye mnamweka wapi?

Mhazini mstaafu, Machame

Marahaba, mwanangu. Nawe binti, pole sana.

Kwa mgonjwa nimeshindwa, nakubali. Mnada wa kila Jumapili, zile ndizi na maparachichi tunayoyauza baada ya ibada, ungeweza kutengewa fungu la kujazia kadi za wasiojiweza, na jina lisisomwe mbele ya watu. Hilo nitalisema mwenyewe kwenye baraza la wazee.

Kwa kaka yake binti, ningemtuma mwinjilisti mapema, na joho lake. Lakini mwenye magari mawili aliyeikalia ahadi yake miaka kumi kwa kiburi, huyo bado sijakubali. Mleta mada, nijibu la huyo.