Jabia ya Bibi

*IJUMAA*

Rukia (Mombasa): Asalam aleikum nyote. Mwaka wa Bibi tangu afariki unakaribia, zimebaki wiki saba. Naomba tuanze mchango wa hitma mapema.

Ami Bakari (Siyu, kisiwani Pate): Waaleikum salaam mwanangu. Hitma tutasoma, kusoma hakuna gharama. Gharama ni ng'ombe. Mimi nina jengine. Leo nimepita chuoni kwa Mama, kile chuo cha Kurani cha Bibi yenu, watoto wamekuja na chupa za soda wamejaza maji majumbani kwao. Asiye na chupa anamuomba mwenzake. Jabia, tangi letu la maji ya mvua, ni kavu.

Twalib (Maskati): Ile ya uani, Ami? Sote tumekunywa pale.

Ami Bakari: Hiyo hiyo. Ufa umezidi. Mvua iliyopita maji yalifika magotini, siku ya nne hamna kitu. Na visima vyetu mwavijua, chumvi tupu.

Shangazi Zena (Amu, yaani Lamu): Bakari, sema yote. Miaka miwili ya mwisho Mama alikuwa akiwanunulia wale watoto maji ya punda. Mitungi mitatu kila siku ya chuo. Nilimuuliza pesa atoa wapi, akanambia anayesoma na kiu humeza herufi.

Rukia: 😢 Sikujua kabisa.

Shangazi Mwanaidi (Mombasa): Nimesoma yote. Mimi nasema jabia ijengwe, lakini watu pia walishwe. Mama nyumba yake haikupita siku bila mgeni. Mwaka wake upite na kahawa na tende tu? Mji mzima utasema wanawe wamemsahau.

Shangazi Zena: Dada, pesa ni zile zile. Ng'ombe mmoja na mchele wake ni robo tatu ya malipo ya fundi.

Shangazi Mwanaidi: Kulisha watu pia ni sadaka.

Shangazi Zena: Ni sadaka, sikatai. Lakini kumbuka Saad bin Ubada, mamake alipofariki alimuuliza Mtume (s.a.w.) sadaka gani ni bora. Akaambiwa maji. Akachimba kisima, akasema hiki ni cha Ummu Saad. Tena Mama ndiye aliyetusomesha hadithi hiyo, mimi na wewe tumekaa kwenye mkeka mmoja.

Shangazi Mwanaidi: Nakumbuka. Niachieni usiku huu.

*JUMAMOSI*

Shangazi Mwanaidi: Sikulala vizuri. Haya, jabia. Ila siku ya hitma mimi nitapika mahamri kwa pesa yangu, msinizuie.

Ami Bakari: Nani akuzuie dada yangu. Allah akulipe.

Twalib: Ami, vipimo? Nataka kujua tunajenga nini.

Ami Bakari: Urefu mita 4, upana 3, kina 2. Lita 24,000 ikijaa. Watoto ni 60. Kila mmoja lita 3 kwa siku, kunywa na udhu, ni lita 180. Yaani miezi minne bila tone la mvua. Paa la chuo ni mita 12 kwa 8, mvua nzuri ya usiku mmoja, ya milimita 20, yaweza kutupa lita 1,500 na zaidi, mifereji ikiwa mizima. Sasa imeoza. Tukingoja mvua ianze tumechelewa.

Ami Bakari: Fundi amesema 68,000. Saruji inatoka Amu kwa mashua mpaka Mtangawanda, kisha barabarani hadi hapa. Hiyo nauli ndiyo inayouma.

Rukia: Nitashika daftari. Kila jioni nitaweka orodha hapa, na picha za risiti.

Ami Bakari: Kabla ya orodha kuna neno. Yule kijana wa punda nimemuuliza. Mama alifariki akiwa na deni lake la maji, 3,400. Mwaka mzima hakulitaja.

Hafswa (Malindi): Mwaka mzima!

Ami Bakari: Asema amesoma kwake, hawezi kudai. Nikamwambia mwanangu, deni la marehemu si la kuoneana haya. Pokea, au tamka mbele ya watu kwamba umesamehe. Akanyamaza, kisha akasema nitapokea, nina watoto. Nimemlipa leo kutoka mfukoni mwangu. Msiingize kwenye mchango, deni la mama ni la wanawe.

Shangazi Zena: Mimi na Mwanaidi tuna sehemu yetu hapo. Nakutumia sasa hivi.

*JUMATANO*

Rukia: Hadi jioni hii:
Ami Bakari 6,000
Shangazi Zena 5,000
Shangazi Mwanaidi 7,000
Twalib 15,000
Hafswa 3,000
Mimi 4,000
Waliosoma kwa Bibi, kwa mkono wa Ami 11,650
Jumla 51,650

Hafswa: Hao wa mwisho wametoka wapi?

Ami Bakari: Sikutangaza. Wanawake wamesikia, wanakuja mlangoni. Mmoja kaleta shilingi 50 imefungwa kwenye ncha ya leso. Asema Mwalimu alimfundisha Alifu akiwa tayari ana wajukuu.

Shangazi Mwanaidi: Namjua. Mungu ampe umri.

Twalib: Zilizobaki nitaongeza mshahara ukiingia. Na kibao cha jina nitatengeneza huku, cha shaba.

Shangazi Zena: Kibao la, mwanangu. Mama alikuwa hataki hata kupigwa picha.

Hafswa: Lakini Shangazi, Saad alitaja kisima ni cha nani. Watoto watakaokuja hawatamjua.

Shangazi Zena: Hapo umenishinda. Basi fundi aandike kwa kidole kwenye plasta ikiwa mbichi. Maneno mawili tu.

*WIKI SITA BAADAYE*

Ami Bakari: Mvua imeshuka tangu alfajiri! Maji ya kwanza tumeyamwaga yaoshe paa, kisha tukaelekeza mfereji ndani. Ufa hauonekani, plasta tuliilowesha siku saba.

Shangazi Mwanaidi: Yamefika wapi?

Ami Bakari: Ngazi ya tatu. Watoto wamekataa kusoma, wote wako uani wanachungulia.

Shangazi Mwanaidi: Waache leo.

Rukia: Ami, imebaki 1,150.

Ami Bakari: Wavu wa mbu wa mdomo wa jabia, na kata mbili za kutekea maji. Ile ya Mama ningali nayo, nimeitundika pale pale.