MREJESHO: Mama na maumivu ya neva ya uso

Ndugu zangu, niliwauliza kama mionzi inaweza kumsaidia mama yangu wa Uyole, ambaye upepo wa baridi ukimgusa tu shavu, maumivu yanampiga kama shoti ya umeme. Karbamazepini, dawa ya kutuliza maumivu hayo ya neva, ilimpa kizunguzungu kila dozi ilipopandishwa. Tukampeleka India. Hawakumpasua: walimfunga fremu kichwani, miale mingi ya mionzi kutoka kobalti-60 (metali inayotoa mionzi) ikakutanishwa kwenye neva ile ya uso, akatoka siku hiyohiyo.

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa: nafuu huchukua wiki hadi miezi, kwa hiyo dawa msiziache ghafla. Shavu lina ganzi kidogo, daktari alituonya mapema. Lakini Julai hii, na baridi yote ya Mbeya, mama anapiga mswaki bila kulia! Asante sana dada wa Tukuyu uliyesisitiza kipimo cha picha cha MRI kwanza.