Kwa nini "I am knowing" ni kosa? Naomba ufafanuzi wa wakati uliopo katika Kiingereza

Mwanagenzi
Salaam, wanajukwaa. Ninajifunza Kiingereza peke yangu, na kinachonikwamisha ni wakati uliopo. Katika Kiswahili nasema "ninasoma" nikiwa na kitabu mkononi, na nasema "ninasoma" vilevile nikieleza kwamba mimi ni mwanafunzi. Kiingereza kinanidai nichague kati ya "I am reading" na "I read". Juzi niliandika "I am knowing the answer", nikasahihishwa bila kuelezwa sababu. Tena niliandika "My brothers works", nikiamini kwamba wingi wa kaka zangu ndio unaoleta ile "s". Je, ipo njia ya kuelewa mambo haya bila kukariri tu?

Mfasiri
Ndugu Mwanagenzi, msaada unao tayari katika lugha yako. Kiambishi "-na-" hubeba kazi mbili, lakini "hu-" hubeba moja tu, yaani mazoea na mambo ya kudumu. Ukiweza kusema "mimi husoma usiku" bila kupotosha maana yako, basi andika "I read at night". Ndivyo ilivyo hata kwa kanuni za maumbile: "maji huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi" ni "water freezes", wala si "water is freezing", ambayo ingemaanisha kwamba unayatazama yakiganda.

Mwalimu wa Jioni
Kipimo cha Mfasiri ni kizuri, ila hakimwokoi muulizaji kwenye kosa lake la kwanza, kwa kuwa hakuna anayesema "mimi hujua jibu". Vitenzi kama "know", "believe", "need" na "belong" hutaja hali, si tendo lenye mwanzo na mwisho unaoonekana, na kwa kawaida Kiingereza hakiviweki katika umbo la "-ing". Kwa hiyo "ninajua" ni "I know", hata kama unajua sasa hivi.

Kuhusu "s", nadhani upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili ndio uliokuponza. Sisi tumezoea alama ya wingi ienee sentensi nzima: "vitabu vyangu vimepotea". Katika Kiingereza, "s" ya nomino ni ya wingi, lakini "s" ya kitenzi ni ya nafsi ya tatu umoja, kwa hiyo mara nyingi moja ikiwapo nyingine haipo: "my brother works", "my brothers work". Kitenzi "be" kina maumbo yake, nacho "can" hakipokei "s" kamwe. Tahajia haina uzito mkubwa: "go" huwa "goes", "study" huwa "studies", na mengine utayazoea kwa kusoma.

Mwanagenzi
Nashukuru sana, Mwalimu. Hoja ya upatanisho imenifungua macho. Naomba unipimie sentensi hii: "My sister knows English, but she does not needs a teacher."

Mwalimu wa Jioni
Sehemu ya kwanza ni sahihi. Katika ya pili umeiandika "s" mara mbili: kitenzi kisaidizi "does" kimekwisha kuibeba, hivyo kitenzi kikuu hubaki kitupu, "she does not need". Katika swali ni vivyo hivyo: "Does she need a teacher?"